Kitambaa cha Marehemu na Prosesa ya Masalu

Nimewafundisha watu kukiri makosa kwa miaka mingi, kwa hiyo itakuwa vibaya nikiikwepa zamu yangu. Siku ile niliaibika sebuleni kwangu mwenyewe, nimevaa koti la suti, nimesimama mbele ya wageni, na neno la mwisho kutoka kinywani mwangu lilikuwa ni amina. Nacheka sasa ninapowasimulia, lakini wakati ule sikucheka, na kama si wema wa Mungu pamoja na jicho la mjukuu wangu, leo ningekuwa napita njia za uchochoroni.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Nimezaliwa upande wa Bukoba, nimetumika kisiwani Ukerewe mpaka nywele zikabadilika rangi, na sasa nakaa Igogo katika nyumba ndogo ambayo mawe ya nyuma yake ni makubwa kuliko yenyewe. Watu wa mtaani huniletea ugomvi wao: mpaka wa kiwanja, mbuzi aliyekula mchicha wa jirani, mume aliyenuna wiki nzima bila kusema kilichomuudhi. Nasikiliza pande zote mbili, nanyamaza kidogo, kisha nasema, na mara nyingi wanakwenda zao wamepatana (Mungu anisamehe kwa kujisifu, mkasa wenyewe utanishusha muda si mrefu).

Sasa ninaye mjukuu, Koku, binti wa miaka ishirini na minne. Wenzake walipokuwa wanajifunza kusuka yeye alikuwa anafungua redio yangu kuona anayesema humo ndani ni nani. Siku hizi anaunda kompyuta za mezani: ananunua vipande, anavipanga ndani ya boksi la chuma, anakaza parafujo, kitu kinawaka. Anazo mbili tatu alizouza kwa watu wa hapa hapa, lakini kazi kubwa alikuwa hajapata, mpaka alipotokea Magesa.

Magesa namfahamu tangu akiwa mpiga ngoma wa kwaya yetu kule Nansio, kisiwani. Leo ni mtu mzima mwenye tumbo lake na ukumbi wa magemu, vijana wa kisiwani wanakuja pale kucheza mpira wa kwenye kioo na kukimbizana kwa magari. Kompyuta zake zilikuwa zimechoka, akataka kuzibadilisha zote kumi kwa mara moja. Waliojitokeza kumuundia walikuwa wawili. Mmoja Koku wangu. Wa pili kijana anaitwa Masalu, Msukuma wa upande wa Magu, mrefu, mpole, ana kibanda chake cha kompyuta mjini na anakitegemea hicho hicho kwa kila kitu. Wote wawili walimwahidi Magesa kompyuta zinazofanana kila kitu isipokuwa prosesa, na hapo ndipo ubishi ulipozaliwa.

Nilimuuliza Koku, "Hiyo prosesa ndiyo nini hasa, mpaka watu wazima wabishane?"

"Babu, kompyuta ya gemu ni kama jiko la harusini. Kadi ya michoro ndiyo wapishi. Prosesa ndiye yule mama anayesimama katikati na kutoa amri, wewe kata vitunguu, wewe geuza nyama. Yeye akiwa mzito, wapishi wanakaa bure."

"Na yako na ya Masalu?"

"Ni ndugu wa tumbo moja. Kiwanda kimoja, ukoo mmoja, yangu imetangulia kuzaliwa na yake ni mdogo wake. Kwa gemu, babu, tofauti yao ni chumvi ya vidole viwili kwenye sufuria la watu mia."

"Sasa mbona Masalu anasema ya kwake ni bora?"

"Kwa sababu ni bora kweli," akasema, bila hata kuona haya. "Ila si kwa kiasi cha bei yake."

Nilipenda jibu lile. Magesa naye alipoona maneno yamekuwa mengi na yeye hajui wa kumwamini, akanipigia simu. "Mwinjilisti, mimi hao watoto siwawezi, kila mmoja ananitajia namba. Nakuja Jumamosi na meli ya asubuhi, narudi na ya saa nane. Waje wazipime mbele yako. Wewe ukisema hii, mimi nachukua hii."

Nikamwambia, "Magesa, mmoja wao ni mjukuu wangu."

"Ndiyo maana nataka iwe kwako. Nakujua. Ulimpa adhabu mwanao mwenyewe kwa kuchelewa kwaya na mimi ukanisamehe."

Mnaona jinsi mtego ulivyotegwa? Kusifiwa ni kubaya. Tangu siku ile mpaka Jumamosi nilikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba asije mtu yeyote akasema mzee alimpendelea mjukuu wake. Nikaapa moyoni kwamba kama kuna upande utakaopata heshima zaidi katika nyumba yangu, utakuwa upande wa mgeni. Nilidhani huo ndio uadilifu.

Koku alikuja jioni moja kunieleza taratibu. Kadi za michoro sawa, kumbukumbu sawa, gemu lile lile, vioo vya kuonyeshea picha vya aina moja. "Hiyo ndiyo maana ya kupima, babu. Kitu kimoja tu ndicho kitofautiane. Kikitofautiana kingine chochote, hujapima prosesa, umepima hicho kingine." Maneno haya niliyaandika kwenye daftari langu na nikayapigia mstari. Daftari bado ninalo na mstari bado upo, naomba mkumbuke hilo tunapoendelea.

Jumamosi saa mbili asubuhi Masalu akabisha hodi, boksi lake amelikumbatia kama mtoto.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu, karibu sana, pita, weka mzigo."

Mahali penye soketi na nafasi palikuwa pembeni ya kochi kubwa, juu ya stuli ambako siku zote hukaa redio yangu ya zamani. Nikaiondoa redio, nikaipeleka chumbani, Masalu akaweka boksi pale, akavuta nyaya ndefu mpaka kwenye meza ya chakula ambako vioo viwili vingekaa ubavu kwa ubavu. Akawasha kujaribu. Mungu wangu! Boksi lile lilikuwa na mataa mbele, mekundu, ya kijani, ya zambarau, yanakimbizana, na ukutani juu yake pametundikwa msalaba na picha ya marehemu mke wangu, naye mama yule ananitazama kama anayeuliza tangu lini nimefungua baa.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo.

Lazima niwaeleze kuhusu kitambaa. Kwangu, kama kwenu wengi, kitu cha heshima hakikai uchi. Kochi lina kitambaa, televisheni ina kitambaa, friji lina kitambaa, hata chupa ya chai inacho chake kidogo. Vyote alivifuma marehemu kwa mkono wake. Lakini mkubwa wao ni kile cha redio: sufu nyeupe nzito, ndani ameshonea satini ya bluu, kinashuka pande zote nne mpaka chini, na upande wa mbele amedarizi KARIBU MGENI. Alikifuma mwaka aliougua, akiwa kitandani. Mtu baki hajawahi kufunikiwa kitu chake kwa kitambaa kile, na nikaona, basi, si leo ndiyo siku yake? Mgeni atajua hakudharauliwa, na yale mataa yatatulia.

Nikakichukua nikalifunika boksi la Masalu lote, mbele na nyuma, nikanyoosha pembe kwa viganja.

Masalu akafungua mdomo. Nilimwona. Akaufunga.

Nikamwambia, "Hiki alikifuma bibi yake Koku kabla Bwana hajamchukua. Hakijafunika kitu cha mtu wa nje hata siku moja. Leo nakifunikia cha kwako."

Akainamisha kichwa. "Asante sana, babu," akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu fulani ambacho mimi nilikiita shukrani.

Saa nne ikafika, Magesa akaingia akinukia ziwa, Koku akaingia na boksi lake jeusi la kawaida lisilo na taa hata moja (ananijua babu yake), akaliweka wazi juu ya meza. Nikasema moyoni, sawa, mtoto wa nyumbani havishwi. Akaja pia Mama Zuhura, jirani yangu, ambaye alifuata chumvi na alipoona viti vimepangwa akakaa, na chumvi ikasahauliwa. Tukanywa chai kwa mihogo. Nikaomba. Baada ya kuomba nikaongeza mahubiri mafupi kuhusu mizani ya haki, dakika kumi na tano tu, nikamtazama kila mmoja usoni, na nilikuwa nimependeza, jamani, nilikuwa nimependeza sana.

Upimaji ulikuwa hivi: ndani ya gemu la magari kuna jaribio linalojiendesha lenyewe, gari linapita mji mzima bila mtu kugusa, na mwisho kompyuta inasema imechora picha ngapi kwa sekunde moja. Picha zikiwa nyingi mwendo unakuwa laini kama mafuta, zikiwa chache unaona mambo yanakatikakatika. Mara tatu, moja baada ya nyingine bila kupumzika, mimi naandika.

Mara ya kwanza: ya Koku mia moja na kumi na nane. Ya Masalu mia moja na ishirini na moja.

"Mmeona?" akasema Masalu kwa sauti ya chini, na Koku akatikisa kichwa akicheka, "Picha tatu tu! Bwana Magesa, ungeziona hizo picha tatu wewe?"

"Mimi nimeona gari," akasema Magesa.

Mara ya pili: ya Koku mia moja na kumi na nane. Ya Masalu themanini na nne.

Masalu akasogea mbele kwenye kiti. Koku akakunja uso, akatazama nyaya za vioo, akazikaza, akasema twende mara ya tatu.

Mara ya tatu ya Koku ikasema mia moja na kumi na saba, na ya Masalu, ndugu zangu, ilikuwa inatia huruma. Gari lilikuwa linaruka hapa, linatokea kule, linasimama kama lina mawazo. Arobaini na moja.

"Eee," akasema Mama Zuhura, "hii ya kaka inapumua kama mie nikipanda kwangu na ndoo kichwani."

Magesa akacheka kwa nguvu. Masalu hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu, na macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye pembe ya kochi, yanarudi, yanakwenda tena. Mimi nikayasoma macho yale kwa uzoefu wangu wote wa kuamua kesi za mbuzi. Nikasema, huyu ana hatia.

Na kwa kuwa nilikwishapata moto wa kusema, sikunyamaza kidogo kama kawaida yangu. Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Masalu mwanangu, nakuuliza mbele ya hawa. Prosesa hii uliyoleta ni mpya kweli? Maana mtu anaweza kuchukua kitu kichakavu akakifuta vumbi, akakipa jina la kipya, akampelekea mwenziwe wa kisiwani ambaye hajui. Sisemi umefanya hivyo. Nauliza."

(Sisemi umefanya hivyo! Hayo ndiyo maneno ya mtu ambaye ameshasema.)

Masalu akanitazama. "Ni mpya, babu. Niliifungua kwenye boksi lake juzi."

"Namba zinasema vingine."

Akafuta jasho kidevuni.

Magesa akapiga goti lake kwa kiganja. "Basi, Mwinjilisti, nimeona kwa macho yangu. Koku, kazi ni yako. Na wewe kaka, usinielewe vibaya, lakini nina wenzangu wawili Nansio ulikuwa unataka kuwauzia, inabidi niwaambie nilichokiona. Kisiwa ni kidogo, mtu akiumia tunaumia wote."

Nilimwona yule kijana akisinyaa pale pale kwenye kiti. Kibanda chake kizima kinasimama juu ya jina, hana kingine, na jina lile lilikuwa linapanda meli ya saa nane kwenda kuzikwa ng'ambo. Nami, nikiwa nadhani nimefanya kazi ya Bwana, nikasema tufumbe macho tuombe. Nikashukuru kwa siku. Nikashukuru kwa meli. Kisha nikasema, na haya maneno nayakumbuka yote kwa adhabu yangu, "Tunakushukuru Baba, wewe unayefunua kila kilichofunikwa. Amina."

"Amina," akasema Magesa. "Amini," akasema Mama Zuhura kwa namna ya kwao. Masalu naye, kwa sauti iliyokauka, "Amina."

Koku hakusema.

"Babu, samahani," akasema. "Sijasema amina."

"Una nini wewe? Si umeshinda?"

"Ndiyo shida yenyewe. Nimeshinda kupita kiasi." Akachukua daftari langu. "Hizi ni ndugu wa tumbo moja, nimekwambia. Zikipishana kwa picha tatu naelewa, kwa tano naelewa. Mia moja na kumi na saba kwa arobaini na moja? Haiwezekani. Tena angalia, mara ya kwanza ya Masalu ilinipita. Prosesa mbovu ni mbovu tangu mwanzo, haianzi nzima ikachoka njiani. Kinachochoka njiani ni kitu kilichopata joto." Akageuka kumwangalia Masalu. "Boksi lako liko wapi? Nimefuata nyaya zimeingia nyuma ya kochi, nikadhani umeliweka chini sakafuni penye baridi."

Masalu akatazama miguu yake.

"Masalu. Liko wapi?"

Koku akatazama sebule yote polepole, kama mtu anayehesabu kuku, macho yakapita pembeni ya kochi, yakaenda, yakarudi. Kitambaa kile kimekaa kona ile tangu yeye ana miaka kumi. Hakuna mtu wa nyumba hii anayekiona tena, kama usivyoiona pua yako.

"Babu," akasema taratibu, "redio yako iko wapi?"

"Chumbani."

"Iko chumbani." Akanyoosha kidole. "Na chini ya kitambaa cha bibi kuna nini?"

Jamani. Nilisimama na koti langu, nikasikia feni ya ndani ya kitambaa ikilia kwa mbali kama nyuki aliyefungiwa chupani, na nikagundua kwamba nimekuwa nikiisikia sauti ile nusu saa nzima, nikadhani ni friji.

Koku akavuka sebule akakiinua. Wale mliokulia Kagera mnajua unapofunua sufuria la ndizi lililofunikwa vizuri kwa majani ya mgomba, jinsi ule mvuke unavyokupiga usoni. Hivyo hivyo. Mama Zuhura, ambaye alikuwa amekaa jirani, akajivuta na kiti chake. "Mzee wangu," akasema, "hii umeshaivisha, bado kuipakua."

Mataa mekundu na ya kijani yakatokea, yanakimbizana. KARIBU MGENI ilikuwa imening'inia mkononi mwa Koku, sufu yake ina joto kama shati lililotoka kwenye pasi.

Magesa alikuwa wa kwanza kusema, na alichosema ndicho kile nilichokikimbia wiki nzima. "Mwinjilisti," akasema, na hakuwa anacheka, "umeifunika ya mwenzake, ya mjukuu wako ukaiacha inapumua?"

Ningesema nini? Kwamba nilifanya heshima? Nani angeamini? Niliona miaka yote ya utumishi, ubatizo, mazishi, kesi za mbuzi, vyote vimekusanyika chini ya kitambaa kimoja. Nikakaa.

Aliyesimama ni Masalu.

"Hapana, kaka Magesa," akasema. "Babu alinipa heshima. Alitoa kitambaa cha marehemu akanifunikia mimi mgeni. Nilijua itapata joto. Nilitaka kusema."

"Sasa mbona hukusema?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mdogo.

"Ningeanzaje, babu? Ningekwambia utoe kitambaa cha bibi, alichofuma akiwa mgonjwa, nikuambie kinaniharibia kazi? Nikaona bora nishindwe."

Wenzangu, niliposikia vile nililia kidogo. Kijana alikuwa tayari kupoteza mkate wake kuliko kunivunjia heshima, na mimi niliye mkubwa nilikuwa nimemwita mlaghai kwa maneno ya kuzungukazunguka. Nikasimama tena, safari hii bila kufunga kifungo, nikamwendea, nikamshika mikono yote miwili.

"Masalu mwanangu, nimekukosea. Nimekukosea kwa mkono wangu nilipofunika, nikakukosea kwa mdomo wangu nilipouliza swali ambalo halikuwa swali. Mbele ya hawa hawa niliokuaibisha mbele yao, naomba unisamehe."

"Babu, usiseme hivyo, mimi mtoto wako…"

"Nisamehe kwanza, halafu ndiyo uwe mtoto wangu."

"Nimekusamehe, babu."

"Na imeungua?" Hilo ndilo lililokuwa linanichoma sasa. Nilijiona nimemaliza mali ya mtu.

Koku alikuwa ameshafungua ubavu wa boksi na kuwasha feni kubwa ya kusimama. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu namba zilipoanza kushuka. "Haijaungua, babu. Prosesa ina akili. Ikiona joto limezidi inapunguza mwendo yenyewe, inakwenda polepole ili isife. Ndiyo maana namba zilishuka. Haikuwa mbovu, ilikuwa inavumilia."

Nikashukuru palepale, kimoyomoyo, bila hotuba.

Saa sita wakapima upya, maboksi yote mawili wazi juu ya meza, feni inapuliza katikati bila upendeleo, na mimi nimeambiwa nikae mbali. Ya Koku mia moja na kumi na nane, mara tatu. Ya Masalu mia moja na ishirini na moja, ishirini na moja, ishirini na mbili. Koku akamwambia Magesa ageuke ukutani, akabadilisha nyaya za vioo, akamwita. "Haya, tuambie ya Masalu ni ipi."

Magesa akatazama kushoto, akatazama kulia, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Hii," akasema.

"Hiyo ni yangu."

"Basi hii."

"Umebakiwa na hiyo tu, baba," akasema Mama Zuhura, tukacheka wote, hata Masalu, na kicheko kile kilinishushia mzigo mabegani kama mtu aliyepokewa gunia.

Magesa akachukua za Koku, maana kwa picha tatu asizoziona hakuona sababu ya kulipa zaidi. Lakini kabla hajatoka kwenda bandarini alimshika Masalu bega. "Wale wenzangu nitawaambia nilichokiona. Nitawaambia ya kwako ilishinda kwa unywele, na kwamba mwenyewe una adabu iliyonitisha."

Masalu akacheka. "Kushindwa kwa bei, kaka, hakuumi. Kesho nitapunguza."

Meli ya saa nane iliondoka na ukweli ndani yake. Nilikaa kibarazani nikiangalia ziwa kati ya mapaa ya bati, nikapumua mpaka chini kabisa, nadhani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilimfikiria yule mdudu wa kiwandani, asiye na roho wala ubatizo, ambaye akipata moto anapunguza mwendo. Mimi nilipopata moto niliongeza. Nimesoma vitabu vya dini maisha yangu yote na somo la uvumilivu nikaja kulirudia kwa prosesa, tena iliyokuwa inateseka chini ya kitambaa changu.

Kitambaa kimerudi juu ya redio, ambayo huwa naizima kwanza. Na kabla sijaamua neno la mtu yeyote siku hizi, nauliza kama kuna kitu nimekifunika mimi mwenyewe bila kujua, na Mama Zuhura akiwepo hujibu kabla ya wengine.

Ila nimalizie hili. Wiki mbili baadaye Masalu alikuja kunisalimia, nimekwishamzoea, siku hizi anakuja kama anakuja kwao. Tulipokuwa tunakunywa chai akawa anatazama kona ya jikoni, anatazama kikombe, anatazama kona. Nikayatambua macho yale. Nikaweka kikombe chini.

"Sema, mwanangu."

"Babu, samahani sana." Akakohoa. "Kitambaa cha friji… kule nyuma kimeziba pa kutolea joto."

Nikainuka nikakitoa mwenyewe, nikakikunja, nikaketi tena kunywa chai yangu. Sijawahi kuambiwa maneno matamu kuliko hayo katika nyumba ile.